Mkono wa Pili wa Dell Rasband

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita hakukosa raha yoyote. Nilianguka, na nilianguka mbele za watu.

Niligombea udiwani wa mji wetu wa Alder Bench. Mpinzani wangu alikuwa Dell Rasband, mzee wa ng'ombe na majani makavu, aliyekikalia kile kiti cha baraza hadi kikapata umbo la makalio yake. Alinigaragaza. Hata jirani yangu, ambaye farasi wake nawapigia viatu vya chuma bure, hakunipa kura, na aliniambia mwenyewe huku akicheka.

Lakini kwenye karatasi ileile ya kura kulikuwa na swali la pili: kodi ya burudani. Senti moja katika kila dola kumi za manunuzi, ili bwawa la kuogelea la mji lisifungwe. Dell na kamati yake walisema hapana. Mimi nilisema ndiyo, kwa sababu ya mama.

Mama yangu, Arvilla, alitupwa na farasi akavunjika mgongo. Nchi kavu ni mtu wa kiti cha magurudumu, na vidole vyake hupapasa kitu mara tano kabla ya kukishika. Ndani ya maji anatembea. Siongezi chumvi. Anatembea kwa miguu yake kutoka ukuta hadi ukuta, akinisema njia nzima.

Kodi ikishindwa, baraza limeshapitisha: bwawa litajazwa kokoto kabla ya theluji. Bwawa jingine liko ng'ambo ya mlima, na barabara ya mlimani hufungwa majira yote ya baridi.

Basi udiwani niliukosa, lakini kodi ilikuwa mbele kwa kura moja. Moja! Na zilibaki bahasha mbili ambazo hazijafunguliwa, zote za nyumba moja: ya Dell Rasband na ya mkewe, LaRue.

Kwetu hupigwa kura kwa posta. Unajaza karatasi nyumbani, unaitia kwenye bahasha yenye jina lako, unatia saini nje. Saini isipofanana na ile iliyo ofisini, bahasha huwekwa kando mpaka uthibitishe kuwa ni wewe. Bahasha za Rasband zilikataliwa zote mbili.

Nilijua kwamba Dell akithibitisha, hapana yake italeta sare, na sare maana yake kodi imekufa. Nikafanya nini? Nikamtungia ubeti.

Mwanamume jina lake, halisemi mara mbili,
Aliandikapo lake, limesimama kamili,
Arudiaye la kwake, hana uhakika kweli,
Dell atuonyeshe wake, mkono wake wa pili.

Niliughani katika mkahawa wa Nedra, Dell akiwa pale pale na kofia yake. Watu waligonga meza. Dell akasimama, shingo nyekundu.

"Mkono huu ulitia saini hati za ng'ombe kabla baba yako hajaota ndevu!" alifoka. "Sitamwandikia karani yeyote jina langu mara ya pili. Nikiandika, mniite mbuzi!"

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwenye mji. Wiki iliyopita niliishia hapo.

Sasa sikilizeni nilivyoporomoka.

*

Siku ya mwisho ya kuthibitisha saini nilimpeleka mama bwawani kama kawaida. Ofisi ya uchaguzi ingefungwa saa kumi na moja jioni.

Alifungua koti lake mwenyewe, kifungo baada ya kifungo. Hakubali mtu amsaidie vifungo. Ukinyoosha mkono anaupiga.

Ndani ya maji alikuwapo LaRue Rasband, akimsubiri. Hawa wawili hutembea pamoja kila siku, bega kwa bega, maji yakiwafika kifuani.

"Thayne," mama aliniita kutoka majini, "una sura ya mtu anayetaka kuiba kuku."

"Nataka kuzungumza na Mama LaRue."

"Zungumza. Ila usimtungie shairi. Lile la juzi limenifanya nishindwe kumtazama mwenzangu usoni."

LaRue akacheka. "Mwache, Arvilla. Nimelala na Dell miaka arobaini na moja, hajapata kukosa usingizi kwa jambo lolote. Juzi alikosa. Nilifurahi kidogo."

Nikachuchumaa ukingoni. "Mama LaRue, swali la bwawa ulilijibu vipi?"

Akatazama huku na huku, maana ukuta wa bwawa hurudisha sauti. "Unafikiri nimo humu kila siku natafuta samaki?"

"Na Dell anajua?"

"Dell anajua niko kanisani nashona blanketi na akina mama. Mwaka wa tatu huu. Juzi kaniuliza, 'Hilo blanketi ni la tembo?'"

Mama alicheka hadi akameza maji.

"Basi twende ukathibitishe saini yako," nikasema. "Ndiyo yako ihesabiwe."

"Ya nini? Dell ameapa hathibitishi. Mko mbele."

"Anasema kweli," mama akadakia. "Tuko mbele. Kaa kitako, mwanangu."

Msomaji, weka kidole hapa. Mama alisema: kaa kitako. Ningemsikiliza, hadithi hii ingekuwa imekwisha wiki iliyopita, nami ningekuwa mtu mwenye furaha na kazi yake ya kwato.

"Mama," nikasema, "Orrin na ile kamati yao ya kupinga kodi wanampigia Dell simu tangu jana. Akibadili mawazo dakika ya mwisho, tumekwisha. Kura ya Mama LaRue ni komeo la pili mlangoni."

LaRue aliacha kutembea. Alitazama chini, kwenye miguu ya mama iliyokuwa imesimama yenyewe sakafuni mwa bwawa, myeupe, ikitetemeka kidogo kwa mawimbi.

"Hajawahi kujua nimempinga," alisema polepole. "Hata mara moja."

"Hatajua. Unatia jina tu."

"Nipe taulo," akasema LaRue.

Tulimwacha mama na mlinzi wa bwawa, amalizie safari zake za ukuta hadi ukuta.

*

Karani wa uchaguzi anaitwa Marjean. Ni mwanamke mpole, mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani. Alimpa LaRue fomu, LaRue akasaini, Marjean akapiga muhuri. Pwaa! Sauti tamu. Nilikaribia kumbusu.

Kisha Marjean akaenda kuleta bahasha yenyewe ili aibane pamoja na ile fomu. Akairudisha mezani. Akaitazama. Akabadilisha miwani.

"LaRue, hii si saini yako."

"Ndiyo maana mlinikataa."

"Hapana. Namaanisha, hapa pameandikwa Dell. Bahasha ina jina lako, saini ni ya Dell. Hii D yenye mkia, nani asiyeijua?"

Akaenda akaileta ya pili. Bahasha ya Dell. Juu yake, kwa herufi ndogo za mviringo: LaRue Rasband.

"Na wewe umesaini ya kwake," akasema Marjean. "Mashine ya kaunti ndiyo inayokataa. Mimi sizioni mpaka mtu aje. Mlikaaje siku ile?"

LaRue alishika ukingo wa meza. "Jikoni. Dell alijaza mezani. Mimi nilijazia kwenye ubao wa kupigia pasi, nimempa mgongo. Tulipomaliza akanisogezea bahasha moja, yeye akachukua nyingine. Kila mtu akatia karatasi yake, akalamba gundi, akasaini. Sikuwa na miwani. Na Dell hasomi kitu chochote kilichochapishwa na serikali."

"Hutokea," Marjean alisema. "Kila uchaguzi, wazee wanaokula meza moja. Zamani tulizipokea zote mbili tukacheka. Sheria mpya inataka kila mwenye jina athibitishe lake kwa saini."

"Sawa," nikasema kwa haraka. "Limekuja. LaRue ndiye huyu. Kura yake inahesabiwa."

Marjean alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo.

"Bahasha yake inahesabiwa, Thayne. Iliyomo ndani ni karatasi aliyoitia Dell."

Nje gari la kusafisha barabara lilipita, likapotea.

"Nimempigia Dell kura yake," LaRue alisema, kama anayejisomea.

"Irudishe!" nikamwambia Marjean. "Chana hiyo fomu!"

"Ina muhuri."

"Marjean!"

"Usinipigie kelele, mimi si farasi. Ikishapigwa muhuri si yangu tena, ni ya kaunti. Hata ukilia."

Nilikuwa karibu kulia, kwa hiyo neno lile liliniuma.

Hebu tuwekane sawa. Tulikuwa mbele kwa moja. Hapana ya Dell imeingia, nimeiingiza mimi kwa mikono yangu, tena kwa taulo na heshima. Sasa ni sare, na sare ni kokoto. Ndiyo ya LaRue ipo, haijafa, imelala salama ndani ya bahasha yenye jina la Dell Rasband. Na bahasha hiyo hufunguliwa na mkono mmoja tu duniani.

Mkono huo nani aliufunga? Mshairi.

"Nipe fomu ya Dell," nikamwambia Marjean. "Akisaini nikakuletea, inafaa?"

"Inafaa. Kabla ya saa kumi na moja."

Kwenye ujia LaRue alinishika shati. Nywele zake bado zilikuwa zinadondosha maji sakafuni.

"Utamwambia nini?"

"Sijui."

"Usimwambie nilichoandika, Thayne. Niahidi. Nataka nimwambie mwenyewe, siku yangu, jikoni kwangu."

"Siku ipi, mama?"

"Sijui. Nimeisubiri muda mrefu. Ila si leo, na si kwa mdomo wako."

Nikaahidi. Nilikuwa tayari kuahidi chochote. Nikamwomba akamchukue mama bwawani, mimi nikakimbilia kwa Nedra.

*

Dell alikuwa kwenye meza yake ya dirishani, na mbele yake andazi moja kubwa kama kofia, linavuja siagi ya asali. Pembeni yake Orrin wa kamati, amekaa kama askari wa benki.

"Mshairi kaja!" mtu alipiga kelele. "Nedra, zima redio!"

Redio ikazimwa. Walitaka ubeti mpya.

Dell aliinua mkono wake wa kulia, uliojaa asali. "Umekuja kuuona wa pili? Huu wa kwanza huu hapa. Wa pili nimeuacha nyumbani, unalisha ndama."

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Mzee Dell, nimekuja kukuomba uthibitishe saini yako."

Kijiko kikaanguka mahali fulani.

"Rudia," Dell akasema. "Sikio hili lilipigwa teke."

"Nakuomba uthibitishe saini. Fomu hii hapa."

"Wewe? Wewe unayelitaka bwawa unataka hapana yangu ihesabiwe? Kijana, umepigwa na jua gani mwezi huu wa Novemba?"

"Kura ni kura," nikasema. "Kila mtu ana haki ahesabiwe. Nilikosea kukutania."

Nilisema kwa sauti ya mhubiri. Naungama: kila neno lilikuwa la kweli, na nilidanganya kwa kila neno.

"Mwongo," Dell akasema kwa upole. "Lakini leo una adabu. Piga magoti."

"Nini?"

"Ule ubeti wako uliughani umesimama, kifua mbele. Nitungie mwingine, hapa hapa, umepiga magoti. Nikiupenda, tutazungumza."

Orrin akamnong'oneza, "Dell, kuna mchezo hapa."

"Najua upo. Nataka niuone vizuri."

Mimi sijawahi kumpigia mtu magoti. Farasi, ndiyo, ni kazi yangu. Mwalimu alinifukuza shule kwa sababu sikukubali kuinamisha kichwa. Niliitazama saa ya Nedra ukutani, juu ya picha ya samaki trauti aliyevuliwa na mumewe. Imeshapita saa kumi.

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya vigae, katikati ya makombo ya watu.

Niliyejitia mbele, sasa natambaa chini,
Ulimi wenye kelele, umenitia shimoni,
Kipaji changu ni kile, cha jogoo wa jaani,
Dell, yasahau ya kale, naomba weka saini.

Hakuna aliyegonga meza. Nedra aligeuka akajifanya anapanga vikombe.

Dell alitafuna taratibu. "Jogoo wa jaani," akarudia. "Hiyo nzuri. Ule wa kwanza ulikuwa mbovu. Lake, lake, kwake, wake, kama mtoto anayejifunza kusoma."

Ndugu msomaji, hata pale chini, magoti yakiniuma, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema kweli.

Akajifuta asali kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Lete fomu."

"Dell!" Orrin akasimama.

"Kaa chini. Mwenye kura ni mimi, nami nilisema hapana, na hapana yangu haijamwogopa mtu. Mniite mbuzi kama mnapenda."

Akavuta kalamu kutoka mfuko wa shati. Akaifungua. Ncha ikashuka mpaka kwenye mstari.

Ncha ikasimama.

"Akili sina nyingi," alisema, "lakini ng'ombe akija machinjioni peke yake, mimi humtazama macho. Ndani ya bahasha ile mna nini?"

"Kura."

"Ya nani?"

"Ina jina lako juu."

"Sikukuuliza juu." Alinikazia macho, na mzaha wote ulikuwa umetoka usoni mwake. "Nilimjua baba yako. Mama yako namheshimu kuliko watu wengi wa mji huu, hata kama tunapingana. Basi apa. Apa kwa miguu ya mama yako kwamba kura iliyomo mle ni yangu, nami natia saini sasa hivi."

Nataka niwaambieni kwamba nilisita. Ingependeza. Ningeonekana mtu.

Sikusita. Niliwaza vidole vya mama kwenye vifungo. Niliwaza lori likimwaga kokoto pale anaposimama. Nikawaza kwamba kiapo ni maneno, na maneno ni kazi yangu.

"Naapa," nikasema, "kwa miguu ya—"

"Thayne!"

Mlango ulikuwa wazi, baridi ikiingia. Mama yuko kwenye kiti chake, koti limefungwa hadi kidevuni. Nyuma yake LaRue ameshika mikono ya kiti.

"Hiyo miguu ni yangu," mama akasema. "Usiiweke rehani bila kuniuliza."

Mkahawa mzima ulitazama vikombe vyake.

Dell hakuwa anamtazama mama. Alikuwa anamtazama mkewe.

"LaRue, mbona nywele zimelowa? Huko kanisani paa linavuja?"

"Hakuna blanketi, Dell."

"Hakuna blanketi?"

"Halijawahi kuwapo. Niko bwawani na Arvilla. Kila siku." Akasukuma kiti cha mama mpaka ndani. "Na usimwapishe mtoto wa watu. Kura iliyo kwenye bahasha yako si yako. Ni yangu. Tulibadilishana bahasha pale mezani. Yako ilikuwa kwenye yangu, nami leo nimeithibitisha bila kujua. Imeshaingia."

Midomo ya Dell ilisogea. Alikuwa anahesabu.

"Kwa hiyo hapana yangu imehesabiwa."

"Imehesabiwa."

"Na sasa ni sare."

"Ni sare."

"Na hii," akaigusa fomu kwa ncha ya kalamu, "nikiisaini, inafungua ya kwako."

"Ndiyo."

"Inayosema nini?"

LaRue alikuwa ameniomba nisiseme. Alitaka jikoni kwake, siku yake. Akapewa mkahawa wa Nedra na watu wote wakisikiliza, na trauti ukutani.

"Inasema ndiyo, Dell. Nataka bwawa."

Orrin aliangua kicheko, akaupiga mgongo wa Dell. "Basi kwisha! Weka kalamu chini. Tule maandazi mpaka saa kumi na moja, tumeshinda. Huhitaji hata kuinuka."

"Orrin," Dell akasema bila kugeuka, "nazungumza na mke wangu."

Kicheko kikakatika.

"Miaka arobaini na moja," Dell akamwambia LaRue. "Nilijua tunapiga kura moja."

"Hukuniuliza hata mwaka mmoja."

"Ulinipa mgongo, pale kwenye ubao wa pasi. Nilifikiri mwanga ulikuwa mbaya."

"Mwanga ulikuwa mzuri."

Kumbukeni bado nilikuwa nimepiga magoti. Hakuna aliyeniambia niinuke, nami nilikuwa nimesahau.

"Mnafanya nini huko majini siku zote hizo?" Dell akauliza.

"Tunatembea."

"Arvilla hatembei."

"Nani kakuambia?" mama akasema.

Dell alimtazama mama, kisha LaRue, kisha mimi pale chini. Sijui aliona nini. Akafunga kalamu. Ile sauti ndogo ya kifuniko, tik, niliisikia hadi kwenye meno. Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, juu ya moyo. Mstari wa saini ulikuwa mtupu. Akavaa kofia akatoka.

Orrin alichungulia dirishani huku anatabasamu. "Anakwenda nyumbani. Kazi imekwisha, jogoo."

Gari la Dell liliunguruma. Pale kwa Nedra, ofisi ya uchaguzi iko kulia. Kwa Rasband ni kushoto.

Dell hakukunja kulia. Hakukunja kushoto. Alinyoosha mbele, na mbele hakuna kitu isipokuwa uwanja wa farasi na bwawa.

"Unangoja nini?" mama akanipigia kelele. "Inuka. Nisukume!"

*

Nilimsukuma mama barabarani nikikimbia, LaRue nyuma yetu na kiatu kimoja kimemtoka. Magurudumu yaliruka juu ya mawe. Mama hakulalamika, jambo ambalo lilinitisha.

Tulimkuta Dell amesimama ukingoni mwa maji. Alikuwa amevua buti zake, ameziweka sambamba kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Kofia iko mkononi. Fomu ilichomoza mfukoni. Mlinzi wa bwawa hakujua amfukuze au ampe kiti.

"Mzee Dell," nikahema, "ofisi inafungwa. Saini kwanza, tafadhali, utazame baadaye. Nitakuleta mwenyewe ukae hapa siku nzima kesho—"

"Kijana, leo umeshasema ya kutosha."

"Dell," LaRue akasema.

"Wewe umenidanganya blanketi miaka mitatu. Huyu amekuja kuniapia uongo kwa magoti. Mashine ya kaunti inasema sijui kuandika jina langu." Hakupaza sauti. "Leo siamini kitu nilichoambiwa. Nataka nione kwa macho yangu kitu kimoja tu."

Akavuta benchi akakaa, miguu mitupu juu ya vigae, kalamu mkononi, imefungwa.

"Haya, Arvilla. Nionyeshe unavyotembea, kisha nitajua kama natia saini."

Saa kubwa iliyo juu ya maji ilikuwa inakaribia saa kumi na moja kasorobo. Ofisi iko mitaa mitatu kutoka hapo. Nikanyoosha mikono kwenye koti la mama ili nilifungue mara moja.

Akaipiga.

"Mwenyewe," akasema.

Akainua mkono hadi kidevuni, akakitafuta kifungo cha kwanza. Kidole kikateleza. Akakitafuta tena. Chini yake nikahesabu vingine saba.